Mwanangu, insha umeisoma yote?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana nimeurudia mara tatu. Posa isiende, mswada nao hutaupeleka kwa mchapishaji, na chini umegonga maneno ya Arthur Schopenhauer, yule mwanafalsafa Mjerumani, kama muhuri: kuoa ni kupunguza haki zako nusu na kuzidisha wajibu wako mara mbili. Nakuuliza, baba: insha umeisoma yote, au umeokota mstari kwenye simu?

Mstari huo umo katika insha yake juu ya wanawake, ya mwaka 1851. Alikuwa anazisuta sheria za Ulaya za mke mmoja, na mbele kidogo anatetea mitala. Hilo nalo umelikubali? Insha hiyohiyo inasema sisi wanawake ni watoto wakubwa maisha yetu yote. Imeniuma kuletewa na wewe.

Hoja yake nzito iko kwingine, sura ya 44 ya juzuu la pili la kitabu chake kikuu, lililotoka 1844. Anasema mapenzi ni hila ya maumbile: yanataka mtoto azaliwe, wewe unadhani unatafuta raha yako. Haja ikitimia kiwi kinatoka machoni. Usiipuuze hoja hiyo, lakini fika mwisho wa sura. Anakiri kwamba mara nyingine urafiki wa kweli, wa tabia zinazopatana, huungana na mapenzi hayo, na mara nyingi huonekana moto ukishapoa. Basi swali la kumuuliza yule binti ni hilo la tabia. Umemuuliza?

Kwenye uandishi namwamini zaidi. Anawagawa waandishi watatu: anayeandika bila kufikiri, anayefikiri huku anaandika, na aliyefikiri kwanza ndipo akashika kalamu. Sura zako tatu za mwanzo ni za huyu wa mwisho, na nimejivuna nazo mbele za watu. Kuanzia ya nne unajaza kurasa. Zipunguze, upeleke. Alilaani kuandika kwa ajili ya fedha, ila yeye aliishi kwa urithi wa baba yake mfanyabiashara. Kwa kitabu cha insha zile za 1851 malipo yake yalikuwa nakala kumi tu, na hakulala njaa. Wewe una kodi ya chumba.

Ni yeye pia aliyeandika kwamba kusoma ni kufikiri kwa kichwa cha mwingine. Shauri la posa usilikate kwa kichwa chake. Aliachana na mama yake Johanna, naye mwandishi, mwaka 1814, wasionane tena mpaka mama akafariki 1838. Miaka 24, mwanangu. Kelele za nyumba hii ulizisikia ukiwa mdogo, nasi hatukuwa tukifunga mlango. Kama hofu imetokea huko, niambie mimi.

Mjomba wako anangoja jibu kabla ya Ijumaa. Nauli ya washenga ameshaitenga. Ukija lete koki ya nusu inchi, ya shaba, si ya plastiki. Ile ya tangi la nyuma imekatika mpini, maji yanachuruzika usiku kucha.

Mama yako