Barua ya malalamiko: vikonokono vinyonyaji vilivyokuja na mzigo wenu

Shangani, Mtwara
14 Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA MAWE HAI NA KONOKONO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 8 Machi nilipokea kwa basi kilo 12 za mawe hai, yaani vipande vya mwamba wa matumbawe vyenye viumbe hai wadogo, na konokono kumi wa kusafisha kioo, kwa ajili ya tangi langu la maji chumvi la lita 200. Nililipa shilingi 540,000, nauli ya mzigo mbali. Kwenye risiti mmeandika kwa mkono kwamba mzigo wote umekaa karantini wiki sita. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya ninunue kwenu.

Maana mimi naishi Mtwara. Maji yakipwa ningeweza kushuka na ndoo nikaokota jiwe bila kulipa hata senti. Sikufanya hivyo kwa sababu matumbawe ya huku yamepigwa baruti miaka mingi, na tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kwa ajili ya kunusuru yaliyobaki. Sikutaka na mimi niwe wa kuyachokonoa. Nikaona heri nilipe, nipate kitu safi.

Mwishoni mwa Aprili konokono wa kwanza alidondoka kutoka kwenye kioo, na kulipokucha alikuwa amekufa. Nikashuku maji. Nikapima: chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 26, kama siku zote. Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Usiku mmoja, saa nane, niliwasha tochi nikamtoa mmoja aliyekuwa amezubaa mchangani, nikamgeuza. Ukingoni mwa gamba, pale nyama inapotokeza, vilikuwa vimejipanga vikonokono vyeupe, kila kimoja kama nusu ya punje ya mchele, vimechongoka. Nilihesabu kumi na saba. Kimoja kilikuwa kimetoa mrija mwembamba kuliko uzi wa kushonea, ncha imezama kwenye nyama. Na juu ya gamba palikuwa na mabaka ya ute wenye vidoa ndani: mayai.

Nilipiga simu kwenu tarehe 6 Mei. Kijana aliyepokea aliniambia ni walaji wa mwani, hawana madhara, wataisha wenyewe. Hakuniuliza hata wana umbo gani! Vikonokono vya namna hiyo vipo kweli, vya mviringo, hutembea kwenye kioo usiku, na ningevipata hivyo ningefurahi. Hivi vyangu havina meno ya kukwangulia mwani. Kazi yao ni kudunga na kufyonza, na kila kimoja ni dume na jike kwa pamoja, ndiyo maana vinaongezeka namna hii. Kioo changu sasa ni kijani tupu. Vingekuwa vinakula mwani, kingekuwa hivyo?

Nimetuma picha kwa WhatsApp mara mbili. Zimesomwa, hazijajibiwa.

Kila usiku nawatoa konokono waliobaki mmoja mmoja, nawasugua kwa mswaki laini kwenye bakuli la maji chumvi, binti yangu wa darasa la tatu akinishikia tochi. Kati ya kumi wamebaki watatu.

Inawezekana vikonokono hivi vilikuja na konokono wenyewe wala si mawe. Vyovyote vile, vilitoka kwenye sanduku lenu. Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha za mzigo wote, na mnieleze kwa maandishi hiyo karantini ilifanyika wapi na nani alikagua. Naomba pia muwapigie simu wateja wengine mliowatumia konokono mwezi Machi, hasa wenye chaza wakubwa, kwa sababu jamii hii huwafyonza hata hao, na mtu aliyeambiwa "wataisha wenyewe" hatachukua hatua mapema.

Nisipopata majibu hadi tarehe 31 Julai, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha nne, na kichupa chenye vikonokono vitano ndani ya spiriti, mvitazame wenyewe.

Wenu,
Mteja, Shangani