Mahindi yako yameota wapi? Jibu kabla hujapakia lori

Wateja wengi hutupigia simu sisi mawakala wa forodha lori likiwa limeshafika Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Dereva amezima injini, turubai limefungwa, mnunuzi wa Nairobi kila baada ya nusu saa anauliza mzigo uko wapi. Ndipo inaingia picha WhatsApp: "Bosi, hii inatosha kuvuka?" Mara nyingi haitoshi. Na kibaya zaidi, karatasi inayokosekana haitolewi hapa mpakani. Ilitakiwa kuanzia kule ghalani.

Tuanze na wenye mizigo midogo, tusipotezeane muda. Kama thamani ya mzigo wako haizidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ni ya ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo kwenye orodha waliyokubaliana nchi husika, utajaziwa cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, pale pale forodhani. Huhitaji wakala. Ndiyo, tunajinyima hela kwa kusema hivi. Ila ujue cheti hicho kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula yanabaki palepale, hata kama una magunia matano.

Sasa wenye semi. Msimu mmoja mteja alituletea tani 28 za mahindi, nusu ameyanunua Rukwa, nusu Tunduma. Nikamuuliza: haya ya Tunduma yametoka wapi? Akanishangaa. "Si Tunduma?" Ndugu yangu, Tunduma ni soko. Tulipofungua turubai, magunia kadhaa bado yalikuwa na maandishi ya kampuni ya Zambia. Yalikuwa yamevushwa kutoka Nakonde, yakauzwa upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Forodha haiulizi umenunua wapi, inauliza yameota wapi. Mahindi yaliyolimwa Tanzania yanaingia Kenya bila ushuru wa forodha yakiwa na cheti cha uasili. Zambia haimo katika Jumuiya, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mahindi ya nje ni asilimia 50. Wajanja watasema Kenya na Zambia wote wako COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kweli kabisa. Mahindi yakitoka Zambia na cheti cha COMESA, yakapita Tanzania kama mzigo wa transiti, yaani wa kupita njia tu, yanaingia Kenya bila ushuru huo. Lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukishayashusha Tunduma, ukayauza na kuyachanganya na ya kwetu, njia hiyo umeifunga mwenyewe. Na ukiyaombea cheti cha Tanzania umetoa maelezo ya uongo, jambo ambalo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mzigo unaweza kutaifishwa. Yule mteja tulimshauri ayatenge. Vibarua wakashusha magunia juani, wakapakia upya, akawalipa mara mbili, na nusu ya mzigo ikarudi kuuzwa Arusha kwa bei ya kutupa.

Jambo la pili ni sumukuvu (aflatoxin), sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti cha vipimo na cha uasili. Kiwango cha juu cha sumukuvu jumla ni sehemu 10 katika bilioni, yaani miligramu 10 ndani ya tani nzima. Huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa. Unyevu nao usizidi asilimia 13.5.

Tatizo la sumukuvu ni kwamba haitawanyiki sawasawa. Gunia moja lililolala sakafuni penye unyevunyevu linaweza kuangusha lori zima, huku la jirani yake likiwa safi. Kwa hiyo ukichomeka bambo, kile chuma cha kuchomolea punje za sampuli, kwenye magunia matatu ya mlangoni ukapeleka punje hizo maabara, umejidanganya. Chomeka ya juu, ya chini, ya katikati, changanya, kisha chukua sampuli. Na fanya hivyo kabla ya kumlipa aliyekuuzia. Mkataba useme pia nani anabeba hasara mzigo ukikataliwa. Sisi tumeona mikataba mingi ya ukurasa mmoja, na hilo halimo.

Vibali vina mpangilio wake. Mnunuzi wa Kenya ndiye anayeanza kwa kuomba kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya. Masharti yaliyoandikwa humo ndiyo mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea huku kwetu Tanzania, anayatazama anapotoa cheti cha afya ya mimea. Unahitaji pia kibali cha Wizara ya Kilimo cha kutoa mazao nje. Watu huanzia mwisho: wanapakia kwanza, halafu mkaguzi anataka kuona mzigo, turubai linafunguliwa tena.

Majina nayo. Kibali kina jina la kampuni, ankara ina jina la mwenye kampuni, cheti cha uasili kina jina la shemeji yake kwa kuwa ndiye aliyekuwa mjini siku ile. Kwenu ni familia moja, kwenye mfumo wa forodha ni watu watatu.

Tangu kituo cha pamoja cha Namanga kizinduliwe Desemba 2018, lori linasimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Likikwama, basi limekwama Kenya, na kulirudisha ni karatasi nyingine. Kwa hiyo tutumie ankara, kibali cha mnunuzi, majibu ya maabara na jina la kijiji au wilaya mahindi yalikolimwa, angalau siku tatu kabla ya kupakia. Kuziangalia hatutozi.