Mafunjo ya Mto Simiyu yasifyekwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafunjo yaliyobaki pale Mto Simiyu unapoingia Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Speke, wilayani Magu. Kila kiangazi yanafyekwa na kuchomwa moto ili kupata shamba, na wapo wanaosifu kazi hiyo kuwa ni kuondoa kichaka. Mimi naomba eneo hilo litengwe rasmi, lihifadhiwe, na wananchi waruhusiwe kulitembelea kwa miguu.

Nilikwenda huko Novemba, vuli ilipokuwa imeanza. Ukiiacha barabara kuu ya Musoma unafuata vijia vya ng'ombe katikati ya majaruba ya mpunga, na maji ya mto wakati huo yana rangi ya chai ya maziwa kwa udongo yanaokokota kutoka mashamba ya juu. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya walikuwa wakiruka chinichini juu ya mafunjo wakikamata wadudu. Jua likizama hulala humo humo. Yangeyange walikuwa nyuma ya ng'ombe, na furukombe tulimsikia kabla ya kumwona. Mwenyeji wetu, mvuvi mtu mzima, alitupitisha mbali na njia za viboko, kisha akatuonyesha mahali kambale wanapopandia mto mvua zikikolea.

Hapo ndipo alipotutajia ningu. Samaki huyu hupanda mito ya ziwa letu wakati wa mafuriko kwenda kutaga, na zamani alikuwa kitoweo cha kila nyumba ya kandokando ya mito hii. Watu walitega nyavu penye maingilio ya mito, wakamkamata akiwa na mayai tumboni, na leo kumpata ni bahati. Vijana tuliokuwa nao hawakuwahi kumwona. Iliniuma sana kusikia hivyo, kwa sababu samaki wengine nao wanategemea mafunjo haya. Kamongo huzaa humo. Furu, ambao sangara aliwamaliza kwa wingi baada ya kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, baadhi yao wamesalia kwa kujificha kwenye mafunjo, maana maji ya humo yana oksijeni kidogo na sangara hawezi kuyavumilia. Ukichoma mafunjo umechoma maficho yao.

Tena mafunjo huchuja maji. Tope la Simiyu hupunguza kasi likifika humo, likatua, na maji yakaingia ziwani yakiwa na nafuu. Wanaoyafyeka wakidhani wanapambana na gugu maji wanakosea adui. Gugu maji ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lilionekana ziwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo huelea na kufunga mialo. Mafunjo ni ya hapa hapa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini sitaki mtu aje na mabavu kung'oa nyanya na mchicha wa akina mama wanaomwagilia hapo kiangazi, kwani wengine wanasomesha watoto kwa bustani hizo. Waoneshwe mpaka, wapewe muda wa kuvuna, na wasaidiwe kuvuta maji hadi nje ya mita hizo. Wasusi wa majamvi nao waendelee kukata. Mafunjo yaliyokatwa shina huchipua tena. Yanayoangamia ni yale yanayochimbwa mizizi na kukaushiwa maji.

Watu wa Mwanza tunajua kwamba eneo dogo linaweza kulindwa. Kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee aliyekuwa akiishi hapo, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, mkabala na mji wenyewe. Lakini Saanane lazima upande boti na ulipe kiingilio. Simiyu mtoto wa shule ya kata angefika kwa miguu na mwalimu wake, akamwona furukombe akivua.

Kwa hiyo ninaiomba halmashauri, pamoja na serikali za vijiji na vikundi vya wavuvi, wapime mita hizo 60 na kuweka vigingi kabla ya kiangazi kijacho, moto haujaanza. Njia moja ya miguu iachwe wazi, na wavuvi wa pale wanaojua njia za viboko wawe ndio waongozaji, wakilipwa na wageni wanaotoka mjini. Mimi nitakuwa wa kwanza kulipa.

Mkazi wa Nyakato,
Mwanza