Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu, na nawashukuru ninyi wachache mliofika. Mikutano ya kawaida imefanyika, mafunzo ya VitaSDK (zana za kujitengenezea programu za PS Vita, konsoli ya michezo ya mkononi ya Sony) kwa wageni yameendelea, vifaa vya chama vipo salama. Hayo mnayajua.

Nizungumzie azimio la vitambulisho, maana maneno yamekuwa mengi, na wasemaji wakubwa ni wale ambao siku ya kura hawakuonekana.

Kila programu ya PS Vita ina kitambulisho cha nafasi tisa, za herufi au tarakimu, ndani ya faili lake la maelezo, param.sfo, na konsoli huiweka programu kwenye folda ya jina hilo hilo, chini ya ux0:app, sehemu ya hifadhi inayokaa programu. Jina linaloonekana kwenye skrini haliangaliwi. Wengi wetu tulikuwa tunanakili mfano wa VitaSDK na kuacha kitambulisho chake, VSDK00001, kama kilivyo. Mwenzetu mmoja akasakinisha mchezo wa bao wa mwanachama mwingine, kikokotoo chake kikatoweka hapo hapo: konsoli ilidhani ni programu ile ile, ikaandika juu yake.

Ndipo tukaazimia hivi: herufi nne kubwa za mwanzo ni za mwanachama, tarakimu tano anazipanga mwenyewe. Asianze na PCS, kwani michezo ya madukani hubeba PCSE, PCSB, PCSG na nyinginezo. Na toleo likibadilika, kitambulisho kibaki. Toleo lina sehemu yake, APP_VER.

Nimeambiwa VitaShell, programu ya kusimamia mafaili, inatumia herufi tisa tupu, bila tarakimu, na haijamdhuru mtu. Ni kweli, konsoli inakubali. Lakini kwa mtindo huo kila programu mpya ingebidi iombewe jina, na rejista ya vitambulisho naitunza mimi, usiku, baada ya kazi. Kwa utaratibu wetu mtu anasajili mara moja tu, anapata vitambulisho 100,000. Nimeambiwa pia kwamba kwa kubadilisha vitambulisho tumewapotezea watu michezo waliyohifadhi. Anayehifadhi kwenye folda yake ndani ya ux0:data hakupoteza kitu, kwa kuwa folda hiyo haifuati kitambulisho. Walioguswa ni waliotumia savedata ya mfumo, yaani hifadhi ya konsoli yenyewe inayofuata kitambulisho, na tangazo la kunakili mafaili yao nililitoa mapema. Azimio lilipita kihalali nami nalisimamia.

Kuhusu ada, inasikitisha. Wanachama 43, waliolipa 16, wenye deni la tangu mwaka juzi 9, na kwenye kura ile walifika 14. Wanaodai rejista iboreshwe ni hao hao wasioichangia hata shilingi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuigusa Nintendo DS, ambako nafasi za kitambulisho ni nne tu kwenye kichwa cha faili na programu nyingi za kujitengenezea zimebaki na ####. Atakayejitolea kuanza aniandikie.

Mwenyekiti