Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Nyumba Zetu na Kura ya 2027

Waheshimiwa wanachama wa chama chetu cha wenye nyumba Mombasa, mlio kisiwani, Likoni, Changamwe, Nyali na Kisauni, salamu nyingi.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nimebeba swali lililoulizwa katika kila kikao mwaka huu: mtu aendelee kuweka pesa kwenye nyumba, au angoje kwanza kura ya 2027 ipite? Wapo wanaosema tungoje, wapo wanaosema tujenge, na kamati imewasikiliza wote. Rai yetu ni kwamba anayemuumiza mwenye nyumba si mgombea atakayeshinda. Kinachomuumiza ni kile kipindi baina ya kupiga kura na kuapishwa rais, na urefu wa kipindi hicho tunaujua tangu leo, maana umeandikwa kwenye Katiba.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, basi safari hii ni tarehe 10 Agosti 2027. Tume ya uchaguzi, IEBC, ina siku 7 za kutangaza matokeo ya urais. Asiyeridhika ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 za kuamua. Jumla wiki nne, na kiapo wiki moja hivi baadaye. Ndivyo ilivyokwenda 2022: kura 9 Agosti, hukumu 5 Septemba, kiapo 13 Septemba. Mahakama ikifuta matokeo, kura hurudiwa ndani ya siku 60, na hapo mambo hurefuka kama 2017. Kura ya 8 Agosti ilifutwa 1 Septemba, ikarudiwa 26 Oktoba, na kesi ya mwisho ikaamuliwa 20 Novemba. Sisi wa Mombasa 2022 tuliongezewa yetu: kura ya gavana iliahirishwa hadi 29 Agosti kwa sababu ya makosa ya karatasi za kura, mji ukabaki kwenye kampeni huku kaunti nyingi zimeshamaliza.

Kwa hiyo panga kwa miezi minne, Agosti hadi Novemba. Anayesimamisha kila kitu kuanzia sasa anajinyima bure. Wazee wa Likoni watasema hesabu za karatasi hazitoshi, nao wana haki. Fujo za Agosti 1997 ziliwahamisha watu wa bara kabla hata ya kura ya Desemba, na kura ya 27 Desemba 2007 ilifuatwa na miezi miwili ya machafuko hadi mapatano ya 28 Februari 2008. Hatari ya aina hiyo haipangiwi kalenda. Hupangiwa bima, nami nitaifikia.

Mali zetu haziguswi sawa. Mwenye vyumba Magongo, Mikindani au Mishomoroni huumia kwa wapangaji walioandikishwa kupiga kura kwao bara. Familia huondoka mwisho wa Julai, baba hurudi peke yake na kutaka chumba kimoja badala ya viwili. Zungumza naye Juni, kabla hajakata tiketi, na makubaliano ya kushikiwa nyumba kwa nusu ya kodi yaandikwe, pamoja na tarehe ya kurudi kwenye kodi kamili. Arbuni isiguswe. Fleti za wageni Nyali na Bamburi hutegemea maonyo ya safari ya balozi. Kura ikirudiwa, yanayopotea ni maombi ya nafasi za Desemba, ambayo wageni huyafanya Septemba na Oktoba.

Maghala ya Changamwe, Jomvu na Miritini ndiyo yaliyo karibu zaidi na siasa. Amri ya kupeleka makasha bara kwa reli ya SGR ilizitikisa biashara za uchukuzi na maghala hapa, kisha rais mpya, siku ile ile ya kiapo mwaka 2022, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa. Amri moja inatosha kulijaza ghala au kumhamisha mpangaji wake. Mkataba wa ghala utakaosainiwa kabla ya Agosti 2027 uweke muda wa notisi usiopungua miezi mitatu kwa pande zote mbili, hata kama kodi itapungua kidogo.

Sasa mikopo. Kiwango cha riba cha Benki Kuu kilishuka kutoka asilimia 13 mwanzoni mwa 2024 hadi chini ya 10 katikati ya 2025, ila benki hazikushusha zao kwa kasi hiyo. Mkopo wa milioni 5 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15 hulipwa takriban shilingi 80,700 kwa mwezi. Riba ikipanda hadi 18, malipo yanakuwa kama 90,100. Tofauti hiyo ni kodi ya chumba kimoja na nusu cha shilingi 6,000. Kwa maoni yangu riba na bei ya dola zimewaumiza wajenzi wetu kuliko uchaguzi wowote wa karibuni. Kabla ya kusaini, hakikisha una akiba ya malipo ya miezi mitatu ambayo haimo kwenye bajeti ya ujenzi.

Kuhusu ujenzi, kosa tunaloliona kila mwaka wa kura ni kusimamisha kazi mahali pabaya. Mtu amemwaga slabu, nguzo zimeachwa na nondo zilizosimama wazi, kampeni zinapamba moto, anasema tungoje. Hewa yetu ina chumvi. Nondo iliyo wazi karibu na bahari huanza kutu baada ya siku chache, na ikiachwa miezi hubanduka magamba, ikapungua unene pale pale inapotakiwa kuungana na nguzo ya juu. Ukilazimika kusimama, simama ukiwa umefunga linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, au umeezeka kabisa. Nondo zilizobaki zisuguliwe kwa brashi ya waya, zipakwe uji mzito wa saruji, kisha zifungwe plastiki kwa waya. Kazi ikirudi, magamba yatolewe yote kabla ya kumwaga zege, na nondo iliyoliwa sana mhandisi aipime, isiamuliwe na fundi kwa macho. Saruji nayo usiiweke stoo kungoja matokeo. Kwa unyevu wa hapa mifuko huanza kuganda baada ya miezi miwili au mitatu, hata ikiwa juu ya mbao, na saruji yenye madonge si ya kumwagia nguzo.

Masika ya pwani ni Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo nzito. Anayetaka kujenga msingi na kuezeka kabla ya kura afikishe paa mwisho wa Machi 2027. Asiyeweza, bora aanze Desemba 2027.

Ofisi za kampeni zina mtego wake. Mgombea huchukua duka kwa maneno tu, hulipa mwezi mmoja, na baada ya kura funguo hubaki kwa mpambe ambaye hufungua duka la M-Pesa. Ukipokea kodi yake bila mkataba wa maandishi, au hata kwa mkataba usiozidi miaka mitano, umejitwika mpangaji anayelindwa na sheria ya majengo ya biashara, Sura 301. Kumtoa au kumpandishia kodi kutahitaji notisi ya fomu maalum ya angalau miezi miwili, naye ana haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla muda haujaisha. Hata hivyo andika mkataba, kwa jina la mtu mwenye kitambulisho, si la chama wala la “timu”. Pokea kodi ya miezi yote mbele, weka tarehe ya kutoka, kataza kupangisha mtu mwingine, na arbuni itoshe kupaka rangi upya. Gundi ya mabango haitoki kwa maji.

Wenye viwanja vitupu Kisauni na Likoni wanajua kwamba ahadi kwa maskwota huongezeka kadiri kura inavyokaribia. Sheria humruhusu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12, waziwazi na bila ruhusa, kuomba mahakama impe umiliki. Neno la kukamata hapo ni ruhusa. Mlinzi uliyemweka mwenyewe awe na barua inayosema anakaa kwa idhini yako, aisaini, na ibadilishwe kila mwaka. Mawe ya mpaka yakaguliwe na mpima, si jirani.

Bima ya kawaida ya moto kwa kawaida hailipi hasara ya fujo za kisiasa mpaka kipengele hicho kiongezwe na kulipiwa. Kiongezeni mapema, kampeni zikishawaka bei haitakuwa hii. Angalieni pia thamani iliyoandikwa. Nyumba ya milioni 10 iliyokatiwa bima ya milioni 6, ikipata hasara ya milioni 1, hulipwa laki 6 tu.

Ushuru wa kodi ya nyumba unabaki asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokewa, bila kutoa gharama, kwa wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na mwisho wa kulipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Vyumba vinane vya 6,000 vinatoa ushuru wa 3,600, viwili vikikaa vitupu unakuwa 2,700. Hata mwezi usiopata kitu, ritani ya sufuri ipelekwe KRA, mamlaka ya ushuru, la sivyo kuna faini.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: mkataba mmoja wa mfano wa ofisi za kampeni, utakaopitiwa na wakili kwa gharama ya chama, na mazungumzo ya pamoja na kampuni za bima ili wenye nyumba ndogo wapate kipengele cha fujo kwa bei ya kundi. Wanaotaka kuingia kwenye kundi hilo wamletee katibu nakala ya hati, picha nne za nyumba na thamani ya kuijenga upya, si bei waliyonunulia.