Kabla Hujalipia Kadi ya Gemu, Fungua Kasha Uone Pawa Saplai

Jumamosi moja asubuhi, hata kufagia hatujamaliza, aliingia dukani mama mmoja na kompyuta aliyoifunga kwenye kanga. Akaitua mezani taratibu kama anayetua ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii nimemnunulia mdogo wako, kafaulu kidato cha nne. Niliambiwa ni i7, inacheza gemu zote. Sasa kila siku ni manung'uniko, anasema hata mpira hauchezeki."

Tukaifungua. Ilikuwa i7 kweli, hapo hakudanganywa. Ila ilikuwa i7-2600, prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotoka mwaka 2011, ndani ya kasha jembamba la ofisini, RAM (kumbukumbu ya kazi) kipande kimoja cha GB 4, na kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, hakuna kabisa. Mama kauziwa stika.

Tunaandika haya kwa sababu hapa Kariakoo mashine za ofisini za mtumba ndizo mlango wa wengi kuingia kwenye gemu za kompyuta, na sisi wenyewe tunaziuza. Si mbaya hata kidogo. Ubaya ni kununua bila kujua kikomo cha unachonunua.

Tuanze na hiyo i7. Namba ya kutazama ni ile inayokuja baada ya kistari. i7-2600 ni kizazi cha pili, i5-8500 ni cha nane, i3-12100 ni cha kumi na mbili. Hiyo i3 ya mwaka 2022 ina kori 4 (vichwa vya kufanyia kazi) na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), sawasawa na i7 ya 2011, lakini kwenye gemu inaiacha mbali sana. Na kuna jambo jingine: Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel orodha rasmi ya Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno. Kwa hiyo mteja akituuliza mtumba upi wa kuanzia, jibu letu ni moja: i5 ya kizazi cha nane, kasha refu la kusimama (tower). Ya sita na ya saba bado zinacheza, na bei yake inavutia, ila ujue unachonunua.

Mbona tunasisitiza kasha refu? Hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kampuni zinazotengeneza mashine za ofisini, Dell na HP kwa mfano, haziweki pawa saplai (kiboksi cha ndani kinachogawa umeme) ya kuendesha gemu. Zinaweka ya kuendesha karatasi za mahesabu. Fungua OptiPlex au EliteDesk nyingi za mtumba, utakuta wati 180, 240, labda 290. Kibaya zaidi, waya unaokwenda kwenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) mara nyingi si ule wa pini 24 uliozoeleka. Ni plagi yao wenyewe. Huwezi kuchomoa ukaweka yoyote. Kwenye makasha membamba hata umbo la pawa saplai ni la kwao, ya kawaida haiingii. Na waya wa pini 6 au 8 wa kulisha kadi kubwa haupo.

Sasa kadi ya picha inakula umeme sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni tundu lenyewe la mazabodi, linaloruhusiwa kutoa wati 75 basi. Sehemu ya pili ni waya kutoka pawa saplai: wa pini 6 unatoa wati 75, wa pini 8 wati 150. Kwenye mashine ya ofisini unabaki na zile 75 za kwanza tu. Ndiyo maana kadi tunazozitafuta kwa mashine hizi zinahesabika vidoleni: GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote GB 4, zote wati 75. Lakini geuza kadi uitazame ubavuni kwanza, maana kuna GTX 1650 zilizowekewa tundu la pini 6. Ukiwa na kasha jembamba unahitaji ile fupi ya kimo (low profile), nayo kwa sababu inatafutwa na kila mtu huwa na bei ya maringo.

RX 6400 nayo inaingia, inakula wati 53 tu. Sisi hatuipendekezi sana kwa mtumba. Imeunganishwa kwa njia nne badala ya kumi na sita, na mashine hizi zina PCIe (tundu la kadi kwenye mazabodi) ya toleo la tatu, kwa hiyo inabanwa koo. Tena haina sehemu ya kurekodia video, na vijana wetu wote siku hizi wanataka kurekodi.

Kuna "dawa" inayouzwa mitaani: waya unaochukua umeme wa diski, plagi ya SATA, na kuugeuza kuwa pini 6. Tafadhali usiununue. Piga hesabu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Mara 12, ni wati 54. Halafu unaipa kadi inayodhani ina 75 za kuvuta. Kwenye droo yetu tunayo plagi moja ya aina hii ambayo mteja alituletea. Plastiki nyeupe imekuwa kahawia, pini mbili zimeshikana kama karanga za kashata. Ilinusurika nyumba. Akija mtu anabisha, tunaitoa droo tunaiweka mezani, mjadala unaisha.

Wapo wanaoamua kununua vipya na kufunga mashine kuanzia sifuri. Hapo kosa linageuka upande. Mteja anachagua kasha lenye kioo na feni za taa saba, anachagua prosesa, kadi, halafu pawa saplai anauliza, "Kaka, si kuna ile ya bei ya chini ya wati 500?" Ipo. Inyanyue. Ni nyepesi kama boksi la biskuti. Kisha soma stika yake, usisome namba kubwa iliyochapwa kwa rangi, soma mstari wa volti 12. Ukikuta ampea 20, basi ni wati 240. Hizo ndizo wati zako, kwa sababu prosesa na kadi zote zinakula kwenye mstari huo. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 utakuta ampea 40 na kidogo. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, tunamwambia mteja apunguze taa, aongeze hapo, na ikibaki senti aweke na UPS.

Na ndugu zetu wanaotumiwa mashine na jamaa walioko Marekani: kabla hujachomeka, tazama nyuma ya pawa saplai. Ukiona kiswichi chekundu kimeandikwa 115, kisogeze kiwe 230. Nyingi za kisasa zinajirekebisha zenyewe na hazina kiswichi hicho. Zile zenye nacho, ukisahau kukisogeza, hutoa mlio mmoja tu, na hazitoi wa pili.

Mashine mpya tunayoifunga mara nyingi kwa mwenye bajeti ya kubana ni hii: Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450 au B550, RAM GB 16, SSD ya NVMe (diski ya kasi), pawa saplai ya wati 550 na RX 6600. Kadi hiyo ya 2021 ina GB 8 na inakula wati 132, kwa hiyo pawa saplai haihangaiki. Bei hatuandiki hapa kwa kuwa zinafuata dola na mzigo unaoingia. RAM peke yake, tangu mwishoni mwa 2025, imepanda kiasi kwamba karatasi ya bei ya mwezi uliopita hatuiangalii tena.

Asiyeweza kadi leo, tunamfungia Ryzen 5 5600G. Herufi ile G ina maana picha imo ndani ya prosesa. Atacheza mpira, atacheza GTA V kwa kushusha mipangilio, na kadi ataiongeza akipata. Kwake yeye RAM iwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, maana picha inatumia RAM hiyohiyo, na vipande viwili vinafungua njia mbili badala ya moja. Tofauti yake utaiona kwa macho. Kinyume chake ni herufi F kwa upande wa Intel, kama i3-12100F: haina picha ndani. Tumeshaletewa mazabodi nzima "mbovu" kumbe mtu kanunua F, hana kadi, anasubiri picha itoke wapi.

Kuhusu kadi za mtumba, mbili tu za kuwa nazo macho. RX 580 ya kweli ina vichakato vidogo vya ndani 2304. Ipo nyingine yenye jina lilelile iliyotengenezewa soko la China, ina 2048, yaani nguvu za RX 570. Nayo si mbovu, ila usiilipie bei ya kaka yake. Ya pili ni zile za kughushi kabisa, kadi kuukuu zilizoandikwa upya kwa ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Programu ya bure ya GPU-Z haiamini, inatanguliza neno FAKE mbele ya jina. Omba iwashwe mbele yako kabla ya kutoa hela; muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kufunga kwenyewe si kazi ya uchawi, tunawakaribisha wateja wasimame watazame. Kabla ya kuingiza chochote kwenye kasha, tunaweka mazabodi juu ya boksi lake, prosesa, RAM, kadi, tunaiwasha hapohapo. Ikiwa kuna tatizo, ni bora tulijue kabla ya skrubu ishirini. Hapo ndipo tunapowanasa wale wenye B450 ya siku nyingi na Ryzen 5600: mazabodi haiijui prosesa hiyo mpaka BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) isasishwe, kwa hiyo inawaka feni na kukaa kimya. RAM mbili tunazipanga tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, halafu tunaingia BIOS kuwasha XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM uliyoilipia kwa kasi ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 maisha yake yote na hutajua. Ukija kufungua feni ya prosesa ya Ryzen siku moja, izungushe kwanza kushoto na kulia. Ukiivuta juu kwa pupa itang'oka na prosesa, pini zikipinda utatuletea huku unakaribia kulia.

Yule mama tulimweleza ukweli kwamba asiongeze hata shilingi kwenye ile i7. Tuliichukua kwa bei yake, akaongeza, akaondoka na kasha refu la i5-8500 lenye RAM mbili za GB 8 na GTX 1650 isiyo na tundu la pini. Ikakimbia mezani saa mbili nzima bila kuzima.

Saa moja usiku simu ikalia.

"Mwanangu, hii nayo imekufa. Skrini nyeusi tii."

Tukamwomba apige ya video, aelekeze simu nyuma ya kasha. Waya wa monita ulikuwa umechomekwa juu, kwenye tundu la mazabodi.

"Mama, mwambie mdogo wangu achomoe huo waya, ashuke nao chini kidogo, kwenye yale matundu ya kadi yaliyolala."

Simu ikatikisika, tukaona dari, tukaona feni ya dari, kisha tukasikia kijana anapiga kelele na mama anamwambia apunguze sauti, baba yake amelala.