Barua kwa mwanangu: hela yako nimeirudisha

Mwanangu,

Kamwene. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kilolo tu wazima. Ukungu haujapanda tangu Jumatatu, lakini mahindi ya bondeni yamebeba vizuri na mdogo wako anakusalimu.

Jana jioni simu ililia nikiwa jikoni. Nilisoma ule ujumbe mara mbili, nikampa mdogo wako anisomee tena: laki nne. Juzi uliniambia kwamba ukishakatwa kodi, NSSF na mkopo wa chuo, kinachobaki mkononi ni laki nne na kidogo. Yaani mshahara wako wa kwanza umenitumia wote. Nimelala nao usiku mmoja. Leo asubuhi nimebakiza elfu hamsini ya mbolea, nyingine nimekurudishia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungeishia kulia tu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia lote. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1994. Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja, akakaa na babu yako jioni nzima, na kesho yake nikapanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Unajua mpaka leo mtu wa mjini akitaka msichana wa kazi husema, "Nitafutie wa Iringa", kama anayeagiza nyanya za Ilula. Nilikaa miaka minne. Nilifua, nilipika, nilibeba watoto wa watu mgongoni, na kila mwisho wa mwezi hela yangu alikabidhiwa yule aliyenipeleka ili aifikishe nyumbani. Babu yako alipata kidogo, mara moja moja. Mimi sikuwahi kuishika. Siku ya kurudi nilikuwa na magauni mawili, khanga moja, na nauli niliyopewa na jirani. Nilipanda mlima Kitonga sina hata shilingi mia.

Kwa hiyo ulipofaulu darasa la saba mwaka 2013, na mgeni wa namna ileile akaja kukaa kwenye kigoda kile kile, nilitetemeka. Baba yako alikuwa ametutoka miaka miwili nyuma. Mgeni alisema sekondari sitaiweza, na hakukosea hesabu: ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, hiyo ningeipata kwa kuuza ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Lakini kulikuwa na sare, sweta, viatu vyeusi, madaftari, jembe, michango ya chakula, na chumba cha kupanga kwa sababu shule ilikuwa mbali. Wasichana waliopanga mageto unawakumbuka. Wangapi walifika kidato cha nne?

Ndipo wakaja watu wa kamati ya CAMFED, lile shirika linalosomesha wasichana wa familia maskini, pamoja na mwalimu mlezi. Hawakuniuliza kama nakupenda wala kama nataka usome. Mwalimu alihesabu mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, zilizoning'inia ukutani, akauliza kila moja inatoa lita ngapi na nauza shilingi ngapi. Nikamweleza ukweli, kwamba mianzi hutoa ulanzi wakati wa mvua, kiangazi kikiingia hakuna kitu. Akaandika. Kisha akaomba uzi, akaupima kwenye wayo wako, akafunga fundo. Wiki iliyofuata viatu vilitoka Iringa mjini na vilikutosha. Uzi ule ninao, nimeuweka pamoja na cheti chako cha ubatizo.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba shirika hilo la CAMFED lilianza mwaka 1993 kule Zimbabwe na wasichana 32, likaingia Tanzania mwaka 2005. Mama aliyelianzisha, Ann Cotton, alikwenda vijijini kutafuta kwa nini wasichana hawasomi. Wengi walikuwa wanasema wazazi wa vijijini hawataki binti asome, ni mila. Yeye akakuta ni umaskini. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nimewaza kwamba babu yako hakunitaka.

Serikali ilipofuta ada mwaka 2016, ulikuwa kidato cha tatu. Nilifurahi, na naishukuru, lakini nasema wazi kwamba ada haikuwa ndiyo inayowarudisha watoto nyumbani. Kilichokuweka darasani ni viatu, taulo za kike, kitanda cha bweni na yule mwalimu aliyekuwa akikuita pembeni kila ukinyamaza. Mtu akitaka kumsomesha mtoto wa maskini, alipe na hivyo vidogo.

Chuo ni habari nyingine, na huko usichanganye. Kule SUA, chuo kikuu cha kilimo, ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na barua ya kwamba ulifadhiliwa sekondari ilisaidia wakauona uhitaji wako. Mkopo ni deni. Hiyo asilimia 15 ya mshahara inayokatwa isikuume, kuna mtoto anakula kwa hiyo sasa hivi, kama wewe ulivyokula bumu lako, ile hela ya kujikimu chuoni, na bado ukajibana ukamnunulia mdogo wako madaftari. Deni hilo lilipe mpaka liishe.

Lakini waliokusomesha sekondari hawakukudai hata senti. Hata ule mtaji wa kuku waliokukopesha ulipotoka chuo haukuwa na riba. Riba yake ilikuwa kujitolea shuleni, kukaa na wasichana wa kidato cha kwanza. Sasa kama wageni hawakukudai, mimi mama yako niwe wa kwanza?

Ninajua ulichokuwa unawaza. Unaona bati linalovuja, unaona mikono yangu. Ninakushukuru, mwanangu, na Mungu ameona. Ila ukinitumia wote mwezi huu, mwezi ujao utakopa chakula dukani, wa tatu utaanza kuniogopa nikipiga simu. Huo mshahara ushike kwanza wewe. Lipa kodi ya chumba miezi sita yote, mwenye nyumba asikusumbue. Kata bima ya afya. Weka akiba hata elfu thelathini, isiguswe.

Baba yako mdogo ameshaniomba namba yako mpya. Nimemwambia nitakuuliza. Ukipenda kumsaidia mtu, useme mwenyewe kiasi na useme mwisho wake, na usione aibu. Mdogo wako yuko kidato cha nne, michango yake naimudu. Kama unataka kumfanyia jambo, mlipie picha za mtihani na kikokotoo, basi.

Bati nitaezeka baada ya mavuno, nimeshaongea na fundi. Mwezi wa saba nitapanda basi kuja huko Njombe kukuona, nitakuletea unga wa dona na debe la maharage. Uwe umenunua kitanda. Chukua cha futi tano kwa sita, tutoshe wote wawili, na blanketi zito, maana baridi ya huko naisikia hata kwenye simu.

Mama yako.